Siku Cherehani Ziliponyamaza

"Kitendawili!" Mama alisema jioni, huku akimenya viazi.

"Tega!" Baba akajibu.

"Anavisha watu wote, mwenyewe yu uchi."

Wote wawili wakamgeukia binti yao. Alikuwa fundi wa sare za shule katika karakana ya ushonaji, na kwa kupenda kucheka walimwita Chereko. Leo hakucheka. Alijifunika mtandio mabegani, na joto lote lile!

"Sindano," akajibu polepole.

Alipoinama kuchukua kiazi, mtandio uliteleza. Bega lilikuwa limevimba.

"Msimamizi kanipiga kwa rula. Mshono ulipinda."

"Ulimkosea nini, mwanangu?" Mama akauliza.

Chereko akaangua kilio.

Jirani yao, nesi, alikuwa mlangoni na kikombe, amekuja kuomba chumvi. "Mama Chereko, swali hilo ni rula ya pili," akasema. "Mpe pole. Mwambie unamwamini."

Mama akamkumbatia binti yake. "Pole, mama. Nakuamini. Si kosa lako."

"Mshono ukipinda hufumuliwa," nesi akasema. "Mtu hapigwi. Twende zahanati, bega litibiwe. Kisha tajiri wenu aambiwe."

"Na akinifukuza, shangazi?"

"Tutakwenda ofisi ya kazi, mimi na wewe. Wenzako wanasemaje?"

"Hawasemi. Mmoja akipigwa, sote tunakanyaga cherehani kwa nguvu, tusisikie."

"Basi kesho msikanyage."

Asubuhi, bega likiwa limeshafungwa bandeji zahanati, Baba alimsindikiza hadi getini pa karakana, kifua mbele kama jogoo. Chereko akawanong'oneza wenzake.

Mchana, msimamizi akamwinulia rula fundi mzee. Chereko akaondoa mguu kwenye cherehani. Aliyeketi kando yake akaondoa. Wote wakaondoa. Kimya!

Tajiri akatoka ofisini mbio. "Kuna nini? Umeme umekatika?"

"Cherehani hizi ni za miguu, tajiri," fundi mzee akasema. "Kilichokatika ni subira."

Chereko akasimama, akaeleza yote. Wenzake wakasimama nyuma yake. "Kweli tupu!" wakasema.

Msimamizi akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Chereko akapewa mapumziko ya kutibiwa, bila kukatwa mshahara. Na mafundi wakamchagua mwenzao mmoja wa kupokea malalamiko.

Jioni Chereko akatangulia. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Hupiga kelele kutwa, kikinyamaza ndipo husikika."

"Mama mkwe wangu!" Baba akajibu.

Mama akamrushia ganda la kiazi.

"Cherehani!" nesi akasema mlangoni, kikombe mkononi tena.

Chereko akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Hakuuokota.