Anayeingia Nami Kupiga Kura

Kila harufu ya pilipili za kuchoma inapotanda bondeni, Cleofas Archuleta humkumbuka Ramona Lucero alivyokaa jikoni kwake. Siku zile zilikuwa tamu, jamani. Ramona alikuwa anagombea ubunge wa Marekani, kule Washington. Hakuna mwanamke wa kwao, Wahispania wa New Mexico, aliyewahi kuupata. Lakini alikunja mikono ya blauzi, akamenya pilipili pamoja na wenyeji.

"Mama Cleofas, utanipa kura?"

"Ningekupa, mwanangu. Lakini kusoma sijui. Compadre Eliseo huingia nami kupiga kura, akaniwekea alama."

Eliseo alimsimamia mtoto wa Cleofas ubatizo, ndiyo maana wakaitana compadre na comadre. Tena alikuwa msimamizi wa shamba la kondoo alikofanya kazi Cleofas.

"Humwekea nani alama?"

Cleofas akacheka. "Amtakaye tajiri mwenye shamba. Nani tena?"

Ramona hakucheka. Alikuwa karani wa uchaguzi wa wilaya kwa miaka mingi. "Sikiliza, mama. Asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa, na msaidizi humchagua mwenyewe. Mwajiri wako haruhusiwi, wala mtu wake. Ingia na unayemwamini."

"Nimkatae compadre mbele za watu? Utanigombanisha na nusu ya kanisa!"

"Hata usiponichagua mimi, mama, chagua mwenyewe."

Maneno hayo yalimkosesha Cleofas raha wiki nzima.

Siku ya kura, Eliseo alimsubiri mlangoni pa kituo cha kura, kofia mkononi. "Comadre, twende tukamalize."

Cleofas akamshika mkono Ofelia, mke wa mwanawe. "Compadre, mezani kwangu hukosi sahani. Lakini leo naingia na huyu."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kura ni yangu, basi."

Eliseo akavaa kofia yake, akapisha njia.

Ndani, Ofelia alimsomea majina yote polepole. Cleofas akaweka alama kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Jumapili Eliseo alikuja kula kama kawaida, ila hakusema mengi.

Ramona alishinda. Alikaa bungeni mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila sauti yake iliposikika redioni, Cleofas aliwafokea wajukuu.

"Nyamazeni nyie! Huyo nimemtuma mimi."