Kidebe cha Asali Chapanda Longonot

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zamda aliteka maji bombani na kurudi nyumbani kwao mtaa wa Cheyo na ndoo kichwani, mikono ikining'inia tu. Majirani wakimwonya kuwa ataiangusha, aliwacheka.

"Mimi kitukuu cha mpagazi, bwana! Babu yake mama alitembea na mzigo kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Ndoo ni kitu gani?"

Darasa lote la sita lilikuwa limechoka na huyo babu.

Likizo moja, katika miaka ya mwanzo ya Ujamaa, shule yao ilialikwa na shule rafiki ya Kenya kupanda Mlima Longonot. Bibi Sikuzani, nyanya yake Zamda, alitoa kidebe cha asali ya Igalula ili watoto wakaile kileleni na wenyeji wao. Nani angekibeba? Hata kuuliza hakukuwa na haja.

Taabu ilikuwa viatu. Mwalimu Bertila alisema asiye na viatu vya kufunika mguu hatapanda. Zamda alikuwa na ndala tu. Akaazima raba za kaka yake Lukumani, akazijaza karatasi mbele, akamwambia mwalimu, "Zinanitosha kabisa."

Basi siku ikafika, wakaanza kupanda pamoja na wenyeji wao. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, na raba zikaanza kumsugua kisigino mapema. Kila walipopumzika, Mwalimu Bertila aliuliza, "Miguu yote salama?"

"Salama, Mwalimu!" Zamda aliitikia kuwashinda wote, kidebe kichwani.

Rafiki yake Marcelina, aliyekuwa nyuma yake, akaona damu kwenye soksi. "Zamda! Umechubuka. Mwambie mwalimu."

"Thubutu! Ukisema, mimi na wewe basi. Atanirudisha chini, asali yangu waile wengine."

Maskini Marcelina akaendelea kumfuata nyuma, machozi yakimlengalenga. Mbele kidogo, kwenye mwinuko mkali, mguu ulimsaliti Zamda. Akayumba, kidebe kikaruka. Marcelina akamdaka mkono asiporomoke, na Saidi, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa chini kidogo, akakizuia kidebe kwa tumbo. "Mama wee!" akaguna. Kifuniko, kwa bahati, hakikufunguka.

Zamda akaketi chini, akalia. "Nisamehe, Mwalimu. Raba si zangu. Mguu unauma tangu chini kule."

Mwalimu Bertila alikisafisha kidonda na kukifunga kitambaa. Akamwambia Zamda kwamba safari yake imeishia hapo, naye atabaki kumwangalia. Wengine wakaendelea na mwalimu mwenyeji, Saidi akiwa na kidebe. Zamda alikitazama mpaka kikapotea. Roho ilimuuma kuliko kisigino.

"Hata babu yangu alikuwa mpagazi," Mwalimu Bertila akasema. "Alinisimulia kwamba mwenye kidonda alikisema asubuhi, wenzake wakagawana mzigo wake. Aliyeficha alianguka porini, ikabidi wambebe yeye na mzigo. Babu yako alifika pwani kwa sababu hakuwaficha wenzake, mwanangu. Leo ungeweza kumvuta Marcelina mkaporomoka wote."

Zamda akainamisha kichwa. "Sitarudia, Mwalimu."

Jua lilikuwa limeanza kushuka waliposikia vicheko. Wenzake walikuwa wanarudi, Saidi mbele, kidebe begani, jasho likimtiririka.

"Ilikuwa tamu?" Zamda akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani kaila?" Saidi akakitua miguuni pake. "Tumeipandisha, imeona kilele, tumeishusha. Marcelina kakataa katakata isifunguliwe bila mwenyewe. Mimi shingo sina tena!"

Zamda akamkumbatia Marcelina. Wakafungua kidebe hapo hapo, wenyeji wakatoa mkate, wakala mpaka wakalamba vidole.

Wakati wa kuondoka, Mwalimu Bertila akauliza, "Miguu yote salama?"

"Salama, Mwalimu!"

"Wangu wa kushoto si salama!" Zamda akapaza sauti.

Wakacheka wote. Marcelina akamshika mkono huu, Saidi mkono ule, na msafara mzima ukashuka mlima kwa mwendo wa Zamda.