Elsie Hana Moyo Mbovu

Jumamosi mchana kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya tamasha katika ukumbi wa kanisa, mtaani Komarock. Ngoma ya isukuti ililia hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Elsie, mama yake Kim, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Ilikuwa kazi yake kwa miaka mingi, na aliipenda.

Mwalimu wa kwaya, Naftaly, aliketi kitini akipunga mkono. Wanakwaya waliimba wakiruka, lakini yeye hakuruka hata siku moja.

"Kwaya yangu haihemi!" alisema. "Msivute pumzi mpaka ubeti uishe. Kuhema mbele ya watu ni aibu."

Basi wakaruka na kuimba bila kuvuta pumzi. Kufika ubeti wa tatu, Elsie alishikwa na kizunguzungu. Akaegemea ukuta. Moyo ulimwenda mbio, kifua kikapanda na kushuka.

"Simamisheni ngoma!" Naftaly akafoka. "Dada Elsie, huo ni moyo mbovu. Siku ya tamasha hutaimba. Sitaki mtu aniangukie jukwaani."

"Mwalimu, ni kuchoka tu."

"Nimeshasema!"

Jamani! Mtu hajawahi kupima hata moyo wa kuku, lakini anampa mwenzake ugonjwa mbele ya kwaya nzima. Elsie alichukua mkoba wake akatoka. Alilia njia nzima, na alilia kwa hasira.

Nyumbani, mumewe Okinyi aliingiwa na hofu. "Basi pumzika, Mama Kim. Hata ngazi usipande ovyo."

"Nisipande ngazi, na tunakaa ghorofa ya nne? Niruke kama ndege?"

Akashuka ngazi hizo hizo hadi kwa jirani yake, Teresiah, muuguzi wa kliniki. Alimkuta akianua nguo. Akamweleza yote.

"Ukifanya kazi, kifua huuma?" Teresiah aliuliza. "Umewahi kuzimia? Pumzi hukatika ukiwa umekaa tu?"

"Hapana."

"Hata hivyo, Jumatatu njoo upimwe. Tusikisie kama huyo mwalimu wenu."

Jumatatu Elsie alipimwa kliniki kwa Teresiah. Presha ilikuwa sawa. Daktari alisikiliza moyo wake, akasema ni mzima.

"Mbona basi ulinienda mbio vile?" Elsie akauliza.

"Ulikuwa unaruka," Teresiah alisema. "Misuli ikifanya kazi inataka hewa zaidi. Mapafu huvuta hewa hiyo, damu huibeba, na moyo huisukuma damu. Kwa hivyo pumzi na moyo huongeza mwendo pamoja. Ukipumzika, hutulia pamoja, polepole. Sasa ninyi misuli inalilia hewa, na mapafu mmeyafungia mlango! Utakosaje kizunguzungu?"

"Kumbe! Na sisi tunaambiwa kuhema ni aibu!"

"Aibu gani? Anzeni taratibu, mwili upate moto. Vuteni pumzi kila mwisho wa mstari. Mkitaka kuruka sana, acheni kuimba, ngoma ilie peke yake. Mkimaliza msikae ghafla, tembeeni kidogo. Lakini mtu akiumwa kifua, akizimia, au akikosa pumzi hata amepumzika, huyo aende hospitali mara moja."

Jumamosi iliyofuata Elsie aliingia ukumbini kabla ngoma haijaanza.

"Mwalimu, leo ruka nasi. Ubeti mmoja tu, na usivute pumzi."

Wanakwaya wakapiga makofi. Naftaly angekataaje? Akavua koti, akaruka. Nusu ya ubeti haijafika, mdomo ukamfunguka wazi, akahema kweli kweli.

Elsie akamshika mkono, akauweka juu ya kifua cha Naftaly mwenyewe.

"Unaenda mbio, Mwalimu. Huo nao ni moyo mbovu?"



"La," Naftaly akasema akihema. "Ni kuruka tu."

"Basi maneno uliyonitupia mbele ya watu, yaondoe mbele ya watu."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Naftaly aliigeukia kwaya. "Dada Elsie si mgonjwa. Nilisema nisilolijua. Anisamehe."

Elsie alimsamehe, lakini si kabla ya kumweleza yote aliyofundishwa. Naftaly aliupanga wimbo upya.

Siku ya tamasha Okinyi alikaa mstari wa mbele. Elsie alianzisha wimbo, ngoma ikalia, wakaruka mpaka vumbi likatimka. Kila mwisho wa mstari kwaya nzima ilivuta pumzi, ikasikika hadi nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyeona aibu.