Ng'ombe Niliyelipwa kwa Mguu wa Mwanangu

Nina miaka thelathini na mmoja. Ninaishi Masisi, juu milimani, na riziki yangu ni kukamua na kuuza maziwa. Wasomaji wenzangu, kuna ng'ombe mmoja ninayemkamua nikiwa nimegeuza uso...

Mwanangu Amani ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea alipopata homa. Mume wangu alikuwa amenikataza kabisa kupeleka watoto kwa muuza dawa wa sokoni. Aliposhuka mjini Sake kwa shughuli zake, nilimpeleka Amani. Yule mtu akamdunga kwinini kwenye tako. Amani alilia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Muuguzi wetu Riziki, binti wa kijiji cha Kashebere, aliniuliza kama alivyomuuliza kila mama:

"Mama Amani, mutoto alipata sindano ingine hii juma?"

"Hapana, dada."

Neno moja tu! Akamchoma pajani, mguu uleule.

Siku ya tatu mguu ukalegea kama kamba. Mume wangu aliporudi akauliza nani amemdunga mtoto. Nikasema, Riziki. Habari ya sindano ya sokoni nikaimeza.

Tulimshitaki Riziki, kesi ikafika mahakamani. Mwanasheria wa kituo cha afya hakutaka kesi irefuke, akaomba tupatane. Riziki akauza shamba lake, akatununulia ng'ombe mwenye maziwa. Hapa kwetu kesi hufungwa wagomvi wanapokunywa maziwa ya ng'ombe huyo katika kikombe kimoja. Tulikunywa. Akaniangalia, macho mekundu.

"Unisamehe, Mama Amani."

Aliniomba msamaha... mimi!

Wanawake walinitania: "Mutoto wako alikuzalia ngombe!" Nikacheka nao. Lakini kuanzia hapo hakuna aliyepeleka tena mtoto kwenye chanjo. Hata mimi. Ningeanzaje, wakati ni mimi niliyeshitaki?

Surua ilipoingia kijijini, binti yangu Neema, aliyezaliwa baada ya Amani, alikuwa wa tatu kuzikwa. Kadi yake ya chanjo ilikuwa tupu, haina hata tarehe moja. Tulipotoka kaburini ng'ombe alikuwa analia zizini, kiwele kimejaa, kana kwamba ananiita kwa jina.

Nilimfunga kamba, nikatembea naye siku mbili mpaka Kashebere. Nilimkuta Riziki kando ya barabara anauza ndizi. Uuguzi aliuacha. Nilipomweleza juu ya kwinini, alikaa chini, kwenye vumbi.

"Kumbe... ni kwinini ya matako iliua mushipa ya muguu. Miye kila siku naona ile muguu. Sijagusa tena mutoto wa mutu."

Nikamnyooshea kamba. Hakuishika.

"Rudi na ngombe yako, Mama. Miye nataka jina yangu."

Nilirudi naye. Jumapili nilisimama kanisani, nikasema yote. Mume wangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Amani anavuta mguu wake uani, na ng'ombe bado analia kila asubuhi.

Akina mama, mkiulizwa sindano gani ilitangulia, semeni! Nilimwogopa mume, nikampoteza mtoto. Msifuate njia yangu.

Na wewe unayepita Kashebere, ukinunua ndizi kwa mwanamke mpole anayekwepa kugusa watoto, mwambie umesoma maneno yangu: Riziki hakumlemaza Amani. Ni mimi.