Mgongo wa Mektilda

Injini ya boti ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Mrisho aliivuta kamba ya kuiwashia, akaivuta tena, akavua shati na kuivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikujibu. Nyuma yao mnara wa kanisa la bandarini ulikuwa umebaki kijiti tu. Mbele, kisiwa cha Sinda kilikuwa karibu kiasi kwamba Mektilda aliweza kuona mchanga wake mweupe na vichaka vyake vya kijani. Kisha kisiwa kile kikaanza kusogea pembeni polepole, na ndipo alipoelewa kuwa si kisiwa kilichosogea. Ni wao.

"Mkondo umetushika," alisema Mrisho. "Kaka Isidori, shika kasia. Tukizembea hapa tutakwenda kuamkia Pemba."

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, katika miaka ile ya hamsini. Wazo la matembezi lilikuwa la Kijakazi, dada yake Mrisho, mwanamke wa Kariakoo hasa, mcheza ngoma ya lelemama, ambaye nyumba yake ilipakana na ile ya Mektilda na mumewe. Kila sikukuu aliwaona Wazungu wakivuka kwenda visiwani na vikapu vyao, wakioga baharini na kulala kivulini, na jioni wakirudi wekundu kama kaa. "Kwani bahari waliileta wao na meli?" aliuliza. "Na sisi tutakwenda, tutakula, tutalala mchangani, turudi." Mrisho aliazimwa boti na bwana aliyemfanyia kazi. Isidori, mume wa Mektilda, mfanyabiashara wa maharage na vitunguu, Mchaga wa Kibosho mwenye kifua kama pipa, alikataa siku nzima. Kesho yake akakubali, kwa sababu Mektilda alisema atakwenda hata akikataa.

Mektilda alikuwa amekaa Dar es Salaam tangu mtoto wao Vitalis akinyonya, na hajawahi kuingia baharini zaidi ya magoti. Hakujua kuogelea. Alivaa gauni lake la Pasaka, akamwacha Vitalis kwa jirani mwingine.

Wanaume walipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Sinda ikazidi kupungua. Halafu wingu likapanda kutoka kusini, jeusi, limeinama kama mama anayepuliza jiko, na chini yake bahari ikabadilika rangi. Upepo ulifika kabla ya mvua. Wimbi la kwanza liliinyanyua boti, la pili likaipiga ubavu, na mtungi wa maji ya kunywa ukavunjika vipande. Kifuniko kizito cha injini kiling'oka kikampiga Mrisho begani. Alipiga ukelele, na mkono wake wa kulia ukaning'inia kama si wake.

"Lala chini!" Kijakazi alimfokea Mektilda. "Shika ubao, shoga, usishike mimi!"

Hakuna aliyejua upepo ule uliwasukuma kwa muda gani. Mektilda alisali Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza tena. Kisha chini yao kukasikika mlio wa mbao kusagika juu ya jiwe, na boti ikasimama ghafla hata wote wakaangukiana.

Walikuwa wamepanda juu ya fungu, kisiwa cha mchanga mtupu kisicho na jani wala mti, kilichozungukwa na matumbawe. Isidori aliruka nje bila kufikiri ili aisukume boti isipigwe tena na mawimbi. Alisukuma kwa nguvu zake zote, boti ikateleza mchangani. Ndipo alipotazama mguu wake. Tumbawe lilikuwa limempasua shavu la mguu, toka chini ya goti hadi karibu na kifundo, na maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu.

"Mlaze," alisema Kijakazi. Alichana kanga yake kwa meno, akakunja kipande na kukigandamiza penye jeraha. "Mama Vitalis, njoo ufinye hapa. Usiachie hata akikutukana."

Isidori hakumtukana. Aliuma mkono wa shati na kumkazia macho mkewe, na Mektilda akafinya mpaka vidole vyake vikafa ganzi na damu ikakubali kupungua.

Mvua ikashuka. Walitandaza turubai la boti, wanawake wakashika pembe zake, maji yakajaa katikati. Walikunywa kwa sufuria waliyokusudia kupikia wali wa sikukuu, kisha wakaijaza tena na kuifunika. Ladha yake ilikuwa ya turubai na mafuta ya taa, na Mektilda alidhani hajapata kunywa kitu kitamu kama kile.

Mrisho alikuwa akizunguka boti, mkono wake umefungwa kifuani kwa kilemba. Aliporudi uso wake ulikuwa na habari.

"Ubao mmoja umetoboka. Na sasa maji yamekupwa. Yakijaa, hapa tuliposimama patakuwa bahari."

"Pote?" aliuliza Isidori.

"Pote, kaka. Hizi ni siku za bamvua, maji hujaa kupita kiasi."

Walitazamana. Hakukuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na boti mbovu na mikono iliyobaki mizima, ambayo mingi ilikuwa ya wanawake.

"Tuambie la kufanya," alisema Mektilda.

Mrisho alielekeza, wao wakatenda. Kijakazi aliviringisha kanga iliyobaki akaipaka grisi ya injini mpaka ikalowa, akaishindilia tunduni. Mektilda alikata kifuniko cha debe la biskuti kwa kisu cha mkate. Aling'oa misumari kwenye ubao wa kukalia, akainyoosha kwa jiwe, kisha akapigilia bati lile juu ya kanga. Alijipiga kidole mara kadhaa na hakusimama. Kila alipoinua macho, fungu lilikuwa dogo zaidi, kama mkate unaomegwa pande zote na watu wenye njaa. Maji yalifika kwenye vifundo vyake. Yalifika magotini. Alipigilia msumari wa mwisho akiwa ameinama, kichwa chake nusu kikiwa ndani ya maji.

Kwa pamoja walimnyanyua Isidori, aliyekuwa ameegemea ubavu wa boti, wakamwingiza ndani. Boti ikatikisika, ikanyanyuka, ikaelea. Fungu lote likatoweka chini yao kama halikuwahi kuwapo, na nanga ikawashikilia hapohapo katikati ya maji.

Usiku ule walipokezana kumwaga maji kwa sufuria. Kiraka kilivuja, lakini kilivuja kidogo kuliko walivyomwaga, na hilo ndilo lililowafikisha alfajiri.

Asubuhi upepo ulivuma kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Mbali, juu ya mstari wa maji, kulikuwa na mstari mwingine wa kijani.

"Kunduchi ile," alisema Kijakazi, na sauti yake ikakatika. "Wallahi ni Kunduchi. Mama yangu kazaliwa pale."

Walisimamisha kasia, wakalifunga turubai juu yake, na Mektilda akalishika kwa kamba aliyojizungushia kiunoni. Boti ikaanza kwenda, polepole, ikiyumba kama mlevi. Isidori alikuwa akitetemeka kwa homa. Mguu ulikuwa umevimba hata ngozi iling'aa.

Walipoukaribia mwamba wa pwani maji yalikuwa tayari yanakupwa. Wimbi likaibeba boti na kuitupa juu ya mawe, na safari hii hakukuwa na kiraka cha kuiponya. Maji yakajaa ndani mpaka mapajani.

"Tushuke," alisema Mrisho. "Toka hapa mpaka ufukweni ni kutembea. Maji ni ya kifua, mbele yanapungua."

"Mimi siwezi kukanyaga," Isidori alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja bei. "Nendeni. Mtanifuata na watu."

"Maji yakirudi kabla yetu je?" aliuliza Mektilda.

Mrisho aliutazama mkono wake uliofungwa, akainamisha kichwa.

Mektilda alishuka majini. Miguu yake ilitafuta mwamba, ikaupata. Akampa mumewe mgongo.

"Panda."

"Mektilda, mimi mzito."

"Kibosho nimepandisha majani ya ng'ombe toka tambarare mpaka juu, mwenyewe, tangu sijavunja ungo. Panda, Baba Vitalis. Jua linapanda."

Kijakazi alimfunga Isidori mgongoni mwa mkewe kwa kipande cha turubai, kama mbeleko, akafunga fundo kifuani. Kisha akatangulia na kasia, akipapasa njia. "Shimo. Njoo kulia. Hapa pana miiba, inua mguu. Haya, njoo."

Mwanzoni haikuwa kazi kubwa. Maji yalimbeba Isidori, yeye alimwongoza tu. Lakini kila walivyoukaribia ufukwe maji yalipungua, na kila yalivyopungua mumewe alirudishiwa uzito wake. Maji yakashuka kifuani, kiunoni, mapajani. Majani ya bahari yalimnasa miguu. Mawe yalimkata nyayo. Alianguka kwa magoti, akameza chumvi, akasikia pumzi ya moto ya Isidori sikioni, akasimama. Hakuutazama ufukwe. Alitazama visigino vya Kijakazi, kama zamani alivyotazama visigino vya mama yake mlimani, maana mwenye mzigo hatazami kilele.

Wanawake wa Kunduchi walikuwa mwambani na fimbo zao, wakitafuta pweza. Walipowaona waliacha vikapu wakaja mbio, maji yakiruka. Mmoja, mama mtu mzima mwenye mabega mapana, alinyoosha mikono ampokee mzigo.

"Tua, mwanangu. Tukusaidie."

"Shikamoo, mama," alisema Mektilda, akihema. "Nimetoka naye mbali. Nitamfikisha."

Yule mama alimtazama usoni, kisha akashusha mikono. "Marahaba. Basi mimi nitakushika kiwiko tu, usije ukateleza."

Akatembea hivyo mpaka mchanga mkavu. Hapo akalala kifudifudi na mume mgongoni, na wanawake wa Kunduchi wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Isidori alikuwa analia. Hakuuficha uso.

Lori la samaki liliwarudisha mjini. Mrisho alirudishwa bega, Isidori akashonwa mguu na kulazwa mpaka homa ikamwacha. Habari ilimtangulia Kariakoo. Siku aliyotoka na fimbo kuja kukaa mbele ya duka, wafanyabiashara wenzake walikuwa wanamsubiri.

"Bwana Isidori," alianza mmoja, akikonyeza wengine, "tunasikia ulibebwa mbeleko kama kitoto kichanga."

Ndani ya duka Mektilda aliacha kupima maharage. Alimjua mumewe. Mtu huyu aliwahi kununa siku mbili kwa kuwa mteja alimwona akimenya ndizi za kupika kama mwanamke.

Isidori alijiweka sawa juu ya kiti. "Nilibebwa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Toka mwambani mpaka mchangani, mimi na unene wangu wote. Wewe bahari ikikushika, una nani wa kukubeba?"

Wengine wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Isidori.

"Shemeji!" mtu aliita ndani. "Ni kweli? Na uzito huu?"

"Majini alikuwa mwepesi," Mektilda alijibu, akirudi kwenye mizani. "Alinilemea tulipofika mbele ya macho ya watu."

Mwaka uliofuata, Jumatatu ya Pasaka, walikwenda Sinda tena, wanne walewale, kwa boti nyingine yenye injini mpya. Kijakazi alikuwa amemfundisha Mektilda kuogelea mwaka mzima, alfajiri kwa alfajiri. Boti ilipokaribia kisiwa hakusubiri nanga. Alijifunga kanga vizuri, akaruka, akazama, akaibuka, na kwa mikono yake mwenyewe akaogelea mpaka mchanga mweupe. Akasimama pale, maji yakimtiririka, akiwasubiri wenzake wafike.