Kigingi cha Kumi na Mbili

Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili juu ya bahari Mpima alipofika getini, hema begani. Watu walimwita hivyo kwa kazi yake ya kupima ardhi, naye jina lile lilimkaa kama kiatu kilichozoea mguu.

Mlinzi wa eneo lile la kupigia kambi alikuwa mama mmoja mwenye maneno mengi. Wageni walimbatiza Mama Kamba, kwa kuwa kutwa kucha aliwafokea wasivuke kamba iliyozunguka vilima vya mchanga.

"Shemeji," alisema, sauti ikamshuka. "Nilisikia msiba. Pole sana."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa, usinidanganye. Haya, lete nikague. Mimi hapa getini sina ndugu." Akafungua mfuko. "Jiko la gesi, vizuri, maana moto wa kuni ni marufuku. Mfuko wa taka, vizuri. Vigingi..." Alivihesabu kwa kidole. "Kumi na kimoja. Hema hili si la kumi na viwili?"

Mpima alitazama viatu vyake.

"Cha kumi na mbili kilibaki humu. Nimekuja kukitafuta."

Mama Kamba alifunga mfuko taratibu.

"Basi kitafute upande huu wa kamba. Na ukiitwa kutoka vilimani, usiende. Kuna kitu kule kinaazima sauti za watu. Mwaka juzi kilimwita bwana mmoja kwa sauti ya mwanawe marehemu. Asubuhi tukakuta majani yamelala, yamevunjika njia nzima mpaka majini, kama ng'ombe kapita. Bwana mwenyewe hatukumkuta."

"Mimi siamini mambo hayo, shemeji."

"Nimekuuliza kama unaamini? Nimekwambia usiende."

Marehemu mkewe alikuwa mwalimu wa biolojia, na vilima vile alivipenda kama mtu apendavyo wanafunzi wagonjwa. Unyasi ukivunjika, alikuwa akisema, mchanga unaondoka. Mchanga ukiondoka, bahari inaingia. Siku moja Mpima alivuka kamba kwa hatua tatu tu, kufuata kofia yake, mkewe akamwamuru arudi kinyumenyume, akikanyaga nyayo zake zile zile. Waliicheka kofia ile miaka mingi.

Na kabla ya kuondoka kambini mkewe alihesabu vigingi. Kila mara. Chuma kilichofukiwa mchangani, alisema, kinamsubiri mtu mwenye miguu peku.

Mara ya mwisho hakuwa na nguvu. Alikaa juu ya dumu la maji, amevaa sweta la njano kwenye joto, ananukia dawa ya kuchua. Mpima ndiye aliyehesabu. Kumi na kimoja. Akarudia. Kumi na kimoja. Akamwona mkewe anavyotetemeka.

"Vimetimia?"

"Vimetimia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa ya miezi miwili tu, kutoka kambini hadi wodini. Huko, sauti ikiwa imebaki uzi, mkewe aliuliza tena: "Vile vigingi... vilitimia kweli?" Mtu aliyepata riziki maisha yake yote kwa vipimo sahihi akajibu kwamba vilitimia. Mkewe alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani, akalia kwa ile namna yake ya kubana pumzi ili asisikike. Hakuuliza kitu kingine tena. Kulipokucha hakuwapo.

Sasa Mpima alikigawa kwa nyuzi kiwanja walichopiga hema mara ile, miraba ya hatua moja moja, akapekua kila mraba kwa vidole, akirudishia mchanga kama alivyoukuta. Mraba wa mwisho ulikuwa mtupu. Jua likazama. Akasimamisha hema, na pindo lililokosa kigingi akalifunga kwenye dumu lake la maji. Upepo ukalipiga.

Pa. Pa. Pa.

Kisha likanyamaza.

Upepo ulikuwa bado unavuma.

*Ting.*

Chuma juu ya chuma. Halafu harufu... dawa ya kuchua.

Mpima aligeuka polepole. Ng'ambo ya kamba, kilimani, katikati ya majani, palikuwa na kitu cha njano.

"Vimetimia?" kilinong'ona.

Mpima alipiga hatua moja mbele.

"Una hakika?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Si ya wodini. Ya zamani, ya siku za kofia.

"Nimekipata. Njoo."

Miguu ilienda yenyewe. Alishika kamba, akanyanyua mguu, akauvusha. Unyayo ukabaki hewani, kidogo tu juu ya majani.

Majani.

Akaurudisha mguu.

"Wewe si mke wangu," alisema. "Mke wangu hakanyagi hapo."

Mawimbi mawili yalivunjika.

"Sikanyagi," ilijibu sauti, taratibu.

"Ondoka! Nimesema ondoka!"

Kile cha njano kikafifia. Na kutoka gizani akasikia kilio. Kilio cha mtu anayebana pumzi ili asisikike.

Hakulala. Pindo la hema halikupiga tena usiku kucha, naye hakuthubutu kwenda kutazama sababu.

Kulipopambazuka alitoka. Dumu lilikuwa limewekwa kando, wima. Pindo lilikazwa kwa kigingi chenye kutu, kimechomekwa kwa ule mlalo ambao mkewe alimfundisha miaka na miaka na yeye akashindwa kuupata.

Alikimbilia kwenye kamba.

Hakukuwa na njia kilimani. Hakuna unyasi uliolala. Umande ulikuwa bado umening'inia kwenye kila ncha, mzima, haujaguswa. Aliyesimama pale hakuvunja hata jani moja.

Mpima alipiga magoti upande wake wa kamba.

"Havikutimia," alisema. "Nilikudanganya. Havikutimia, mama."

Akasubiri. Hakujibiwa. Aliyekuwa wa kujibu, yeye mwenyewe alikwisha kumfukuza.

Getini Mama Kamba alivihesabu vigingi, akafika cha mwisho, akakishika muda mrefu kuliko vingine. Kilikuwa baridi kama kimetoka majini. Hakuuliza kimepatikana wapi. Aliuliza lile analomuuliza kila mgeni anayetoka:

"Hujaacha kitu huko?"

Mpima aligeuka. Vilimani majani yalikuwa yanainama na kuinuka, ingawa upepo ulikuwa umetulia.

"Sina hakika," alisema.