Tochi ya Nge na Pete ya Tamsin

Hapa kwetu Kununurra, mji mdogo wenye nge wengi, karibu kila nyumba ina tochi ya nge. Yangu inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha kufulia. Tochi hii haitoi mwanga mweupe. Hutoa mwanga hafifu wa zambarau, na nge akimulikwa nayo gizani huwaka kijani. Kila asubuhi kabla sijavaa buti, naingia katika chumba kile kisicho na dirisha, nafunga mlango, namulika buti, nazikung'uta, ndipo navaa. Nimefanya hivyo miaka mingi na sijaumwa hata mara moja. Basi tochi yangu naiamini. Niliiamini kupita kiasi, na ndiyo sababu ya kuandika hadithi hii.

Jina langu ni Glenda. Nilipika katika kantini ya shule mpaka nilipostaafu. Mimi ni mtu wa kusema. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba mdomo wangu hufika mahali kabla ya miguu yangu. Nina mtoto mmoja, Corey, fundi wa pampu za kumwagilia mashamba. Mwaka juzi alimchumbia Tamsin, nesi wa hospitali yetu, msichana mpole mwenye kucheka taratibu.

Baba yake Tamsin, Doug, aliendesha lori kubwa mgodini miaka kumi na tisa. Ulikuwa mgodi wa almasi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Doug alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Tamsin alitaka kitu kimoja tu katika pete yake ya uchumba. Alitaka jiwe lililotoka katika shimo lile.

"Huenda baba ndiye aliyelibeba kwenye lori lake," aliniambia. "Nani ajuaye?"

Mawe ya shimo lile sasa ni ya kutafuta kwa tochi mchana. Lakini walilipata moja kwa Merv, sonara mzee wa mjini kwetu. Corey alilinunua, Merv akalitia kwenye pete. Tamsin aliivaa pete ile akaenda nayo hata kazini.

Jumapili iliyofuata niliwaalika chakula cha mchana. Nilichoma samaki, nikatengeneza saladi ya bitiruti. Tulipomaliza kula, Tamsin alinisaidia kupeleka vitambaa vya meza katika chumba cha kufulia.

"Ngoja nimulike kwanza," nikamwambia. "Kikapu kiko sakafuni, nge wanapenda hapo."

Nilifunga mlango, nikawasha tochi. Tamsin akanyoosha mkono kushika kikapu. Kidole chake kikawaka buluu.

"We Tamsin! Hicho nini?"

"Nini tena?"

"Pete yako! Inawaka kama taa ya polisi!"

Tamsin akacheka. "Jamani, mbona inapendeza!"

"Inapendeza nini? Hebu tazama." Nikamulika sabuni ya unga, nayo ikawaka buluu. Nikamulika shati jeupe la Corey, likawaka vilevile. "Umeona? Hiyo ni dawa ya kung'arisha. Jiwe lako limepakwa dawa, au ni plastiki. Almasi ya kweli iwake kama sabuni?"

Kicheko kikamwisha. Alikishika kidole chake kwa mkono wa pili, kama mtu aliyejikata.

Nilimwita Corey. Akatafuta kwenye simu yake, akasoma huku ameuma mdomo. "Mama, wanasema almasi za kuwaka hivi ni za kweli, ila huuzwa bei ya chini. Nyingine huwa na ukungu, kama zimetiwa maziwa."

"Basi mmeuziwa mbuzi kwenye gunia!" nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, na nasikitika kwamba nilisema kwa raha pia. Nilijiona mjanja.

Jumatatu asubuhi tukaenda kwa Merv, sote watatu. Niliongea mimi.

"Merv, jiwe ulilowauzia watoto hawa linawaka buluu."

"Najua," akasema Merv. "Limeandikwa kwenye cheti cha jiwe." Akatoa nakala, akaonyesha mstari kwa kidole. Iliandikwa: mwako mkali, wa buluu.

"Kumbe ulijua!"

"Glenda, si siri hiyo. Nilimsomea Corey, ila masikio yake yalikuwa kwa mchumba wake. Ni tabia ya jiwe lenyewe, limezaliwa nayo. Lipelekeni nje sasa hivi mlitazame juani. Kama mtaona ukungu, nitakula kofia yangu."

"Kula kofia yako, bwana, sisi tunataka pesa," nikasema.

Corey alimtazama Tamsin. Tamsin alitazama sakafu. Hakuna aliyetoka nje na pete ile. Jua lilikuwa hatua nne tu kutoka tulipokuwa tumesimama. Merv akarudisha pesa yote bila kubisha. Tamsin aliivua pete mwenyewe akaiweka juu ya meza.

Tuliagiza nyingine kutoka duka la Perth. Niliwaambia wahakikishe jambo moja: cheti kiandike kwamba haina mwako. Jiwe lilikuja, na kweli halikuwaka hata kidogo chini ya tochi yangu. Lilikuwa pia limepoa, halimeremeti, kwa sababu hatukuuliza lilivyochongwa. Wala halikutoka katika shimo la Doug. Tamsin alisema asante, akalivaa.

Wiki tatu baadaye jirani yangu Noelene alirudi kutoka Perth, alikokuwa akilea mjukuu wake mchanga. Noelene alichambua almasi mgodini miaka kumi na miwili. Nilimpikia chai, nikamsimulia kisa chote kwa majivuno. Hakucheka.

"Shoga, tochi yako iko wapi?" akauliza.

Tukaingia chumba cha kufulia. Alivua herini zake, akaziweka kiganjani, akamulika. Moja iliwaka buluu. Ya pili ilibaki giza.

"Hizi nilizinunua mgodini," akasema. "Zote mbili almasi, zote za kweli. Katika kila almasi kumi, karibu tatu huwaka, nyingine kidogo, nyingine sana. Hapa kwetu tuliziona kila siku kazini."

"Lakini sabuni..."

"Sabuni huwaka kwa sababu yake, na almasi kwa sababu yake. Tochi hii inatoa mionzi ambayo macho hayaioni. Jua nalo lina mionzi hiyo. Jiwe linaipokea na kuigeuza kuwa mwanga wa buluu. Ukizima tochi, kwisha. Haliharibiki, halichakai, na wala si dawa."

"Na ule ukungu?"

"Upo, lakini kwa mawe machache sana, hasa yale yenye mwako mkali. Ndiyo maana mtu hanunui kwa kusoma mstari mmoja wa cheti. Analitazama jiwe. Juani, kivulini, kisha ndani chini ya taa ya kawaida. Kama liko safi kote, mwako hauna neno. Kama lina umanjano kidogo, buluu ile inaweza hata kulifanya lionekane jeupe zaidi. Na kwa kuwa watu kama wewe wanauogopa, unalipata kwa bei nafuu."

Watu kama wewe. Nilistahili.

"Kwa hiyo tochi yangu inaweza kunionyesha ya bandia?"

"Inakuonyesha nge, Glenda. Bandia nyingine zinawaka, nyingine haziwaki. Ukweli wa jiwe anaupima mtaalamu maabara, na huandikwa kwenye cheti."

Sikumaliza chai. Nilikwenda kwa Merv nikiwa bado na viatu vya ndani, nikaliulizia lile jiwe.

"Nimeliuza," akasema Merv. "Ijumaa iliyopita. Mume na mke wa Adelaide, walikuwa na karavani ya kulala safarini. Walilitoa nje, wakalitazama juani, wakalipa."

"Majina yao unayo? Simu?"

"Walilipa taslimu wakaelekea Darwin. Pole, Glenda." Alisema pole kweli, bila kinyongo, na hilo likaniumiza zaidi.

Jioni ile nilimkuta Tamsin nyumbani kwao akianua nguo. Nilimweleza yote bila kujitetea. Nilimwomba msamaha. Alikunja shuka lote kwanza, pembe kwa pembe.

"Nilijua liko safi juani," akasema. "Nilikuwa nalitazama kila siku nikianika nguo. Hapa hapa. Halikuwa na ukungu wowote."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kula kwako, Glenda. Ningekubishia nyumbani kwako?"

Nilishika pembe za shuka lililofuata, tukalikunja pamoja.

Walioana mwezi wa saba, na wanapendana, namshukuru Mungu. Mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kupayuka. Mtu akiniuliza habari za pete, namwambia asome cheti chote, amuulize sonara maana ya kila mstari asiouelewa, kisha atoke nje na jiwe alitazame kwa macho yake mwenyewe.

Mwaka huu mdogo wake Tamsin, Bronte, naye alichumbiwa. Naye alitaka jiwe la shimo la baba yao. Merv alitafuta miezi mitano mpaka akalipata. Cheti kiliandika: mwako mkali, wa buluu. Nilikwenda dukani na Noelene na wale dada wawili, nikakaa kwenye kiti nikafunga mdomo. Noelene alimfundisha Bronte kulitazama juani, kisha chini ya kivuli cha duka, kisha ndani. Lilikuwa safi kote. Bei ilipungua, na pesa iliyobaki ilitosha kutengeneza pete vizuri.

Bronte alipoivaa, Tamsin alimshika mkono akautazama muda mrefu.

"La kwako la kwanza lilikuwa hivi?" Bronte akamuuliza.

"Lilikuwa kubwa kidogo," Tamsin akasema, akacheka taratibu kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao. Sikuweza kucheka.